Mbwa Anapopata Shida Safarini: Dalili, Chanzo na la Kufanya kwa Wanaotoka Dar

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Unaona jambo kwa mbwa wako, unalitafuta hapa chini, unajua pa kuanzia. Nimewaandikia wanaotoka Dar es Salaam na mbwa: anayekwenda naye kwao Moshi wakati wa Krismasi, anayehamia Dodoma na familia, anayevuka kwenda Kigamboni kumtembeza ufukweni, na hata anayejiandaa kupanda naye ndege. Katika kusaidia ndugu na majirani kwenye safari hizi nimeona jambo moja likijirudia. Dalili hujitokeza barabarani, lakini chanzo chake karibu kila mara kilikuwepo nyumbani siku nyingi kabla. Ndiyo maana kwenye dalili nyingi utakuta la kufanya palepale, na pia lile lililotakiwa kufanywa mapema. Nimetanguliza joto kwa sababu linaua kwa dakika. Mengine mengi hukupa nafasi ya kufikiri.

Anatweta mfululizo, ulimi wote nje, na hatulii

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza huifanya kwa kutweta, unyevu wa ulimi na wa njia ya hewa ukauke na kuondoka na joto. Hapo ndipo Dar inapomshinda. Hewa yetu imeshiba unyevu, hasa Desemba hadi Machi, na hewa ya namna hiyo haikaushi kitu upesi. Mbwa anayevumilia nyuzi 32 za Dodoma anaweza kuzidiwa na nyuzi 32 za Kariakoo.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Likipita 40 yuko matatani, likifika 41 ni dharura. Themometa ya dijitali inayopimia njia ya haja kubwa haina bei ya kutisha, na kwangu ni kifaa cha kwanza kwenye begi la mbwa. Kama huna, angalia fizi. Zikiwa nyekundu iliyokolea, mate mazito yanayovutika, macho yamekodoa bila kukutazama, anapepesuka akisimama au ametapika, usisubiri dalili nyingine.

Toa gari barabarani, mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni, makwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Endelea kumwagia huku mtu mwingine anampepea kwa kanga, kipande cha boksi, chochote kinachosukuma hewa. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha hapo, maana likishapata joto linalizuia lisitoke. Akitaka kunywa mpe kidogo kidogo, asipotaka usimlazimishe. Mpoze kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo, vioo vikiwa wazi na hewa inampiga. Joto likishuka hadi karibu 39.5 acha kummwagia, la sivyo litapitiliza kushuka. Hata akisimama na kutikisa mkia, mpeleke akaonwe siku hiyohiyo. Figo na uwezo wa damu kuganda vinaweza kuharibika siku moja hadi tatu baada ya tukio, wakati kila mtu ameshasahau.

Sasa chanzo. Cha kwanza ni gari lililosimama. Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa joto hupanda kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10 za mwanzo, na karibu nyuzi 20 ndani ya nusu saa. Kuacha kioo wazi vidole viwili hakusaidii kitu cha maana. "Nanunua maji tu mara moja" pale Kibaha inatosha kumuua. Kama uko peke yako na lazima ushuke, shuka naye.

Cha pili ni foleni. Gari linatambaa kutoka Ubungo hadi Mbezi, au limesimama Kivukoni likisubiri pantoni, na kiyoyozi kinapoza viti vya mbele tu. Mbwa yuko buti la Noah nyuma ya mabegi, hewa haimfikii. Jaribio lake ni rahisi: siku chache kabla ya safari, mchana wa jua, kaa wewe mwenyewe pale atakapokaa mbwa, gari likiwa linaunguruma na kiyoyozi kimewashwa. Ukishindwa kumaliza robo saa, naye atashindwa. Hamisha kizimba, punguza mizigo, au badilisha saa ya safari. Ninavyoona mimi, dawa ya yote hayo ni kutoka alfajiri, saa kumi au kumi na moja. Ukitoka saa hiyo unaivuka Chalinze kabla jua halijachanganya.

Cha tatu kiko kwa mbwa mwenyewe. Wenye nyuso fupi, wanene, wazee na wenye manyoya mazito huzidiwa mapema zaidi. Na kifunga mdomo cha kitambaa kinachobana taya hakifai safarini, kwa sababu mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kutweta. Kama ni lazima afungwe, tumia kile cha wavu kinachomwachia nafasi ya kufungua kinywa na kunywa maji.

Anadondosha udenda, anapiga miayo, kisha anatapika

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho, na tiba zake hazifanani. Jiulize dalili zilianza lini. Kama zilianza baada ya gari kukolea mwendo, au kwenye kona, ni kichefuchefu cha safari. Kama alianza kutetemeka na kudondosha mate mlango ulipofunguliwa tu, kabla hata injini haijawashwa, hiyo ni hofu.

Kichefuchefu huwapata zaidi wadogo, kwa kuwa sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani haijakomaa, na wengi hupona wakikua. Akiwa safarini, punguza mwendo kwenye kona, fungua kioo kidogo, simama kila baada ya saa mbili atembee akiwa kwenye kamba. Atakayepita Kitonga kuelekea Iringa apumzike chini kabla ya kuanza kupanda. Kabla ya safari, mlo wa mwisho wa mbwa aliyekomaa uwe wa usiku, asubuhi apewe maji tu. Ugali wa dagaa uliojaa tumboni nusu saa kabla ya kuondoka utauona tena kwenye kiti. Kwa safari ndefu muulize daktari wa mifugo kuhusu maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo apimwe kwanza.

Hofu inataka siku, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mbwa wengi wa mjini hupanda gari kwa sababu moja tu: kwenda kuchomwa sindano. Unategemea nini siku ya safari? Anza wiki mbili hivi kabla. Siku za kwanza gari limezimwa, milango wazi, mpe chakula chake humo ndani kisha ashuke. Baadaye washa injini bila kuondoka. Halafu zunguka mtaa mmoja mrudi nyumbani. Kisha nenda naye mahali pazuri, Coco Beach au uwanja wowote anaoupenda, asikutane na sindano. Kizimba nacho kikae sebuleni au kibarazani siku zote hizo, mlango wazi, shuka lake likiwa ndani, alale humo kwa hiari. Kizimba sahihi kinamruhusu kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujinyoosha akilala.

Watu hunishauri njia ya mkato: vidonge vya mzio au vya usingizi vya binadamu. Naomba usifanye hivyo. Dawa za usingizi hushusha msukumo wa damu na kuudhoofisha mwili usiweze kurekebisha joto lake, na mbwa aliyelazwa na dawa hawezi kukuonyesha kwamba anaungua. Kwenye ndege ndiyo hatari zaidi, na mashirika mengi hukataa mbwa aliyelewa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni ni sumu kwake, zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Ziache dukani.

Mtoto wa mbwa amelegea, anatetemeka, fizi zimepoa

Hii inawahusu wanaonunua watoto wa mbwa Dar na kuwasafirisha mikoani kwa basi, ndani ya boksi. Mtoto mdogo ana akiba ndogo sana ya sukari mwilini. Saa sita bila kula, pamoja na hofu na upepo, zinatosha kumwangusha. Paka asali au sukari iliyolowa kwenye fizi zake kwa kidole. Usimmiminie mdomoni kama amezimia, atavuta mapafuni. Mpashe joto kifuani kwako. Akizinduka mpe chakula laini kidogo, kisha tafuta daktari.

Kama amefika salama lakini baada ya siku tatu hadi saba, au hata wiki mbili, anaanza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, fikiria ugonjwa wa virusi vya parvo. Virusi hivyo hukaa ardhini kwa miezi mingi. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kabla hajamaliza, asikanyage ardhi ya stendi hata mara moja. Abebwe, na haja yake afanyie kwenye gazeti ndani ya kizimba. Ningekuwa mnunuzi, ningemsubiri amalize chanjo hata kama muuzaji ana haraka.

Anajikamua kutapika, hataki kula, tumbo limekaza, tangu mliposimama kula

Tazama chini pale mliposimama. Vituo vyetu vya chakula vimejaa vitu vitatu vinavyowafaa watu na kuwaumiza mbwa: magunzi ya mahindi ya kuchoma, vijiti vya mishikaki na mifupa ya kuku iliyopikwa. Gunzi halimeng'enywi. Mbwa hulimeza vipande, nalo huziba utumbo, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Kijiti na mfupa uliopikwa huchoma. Usimtapishe kwa maji ya chumvi wala mafuta. Huyu anahitaji picha ya tumbo na pengine upasuaji. Kwa anayetokea upande wa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama, na ni vizuri kuwa nayo akilini unapopanga njia.

Kuharisha tu, bila damu na mbwa akiwa mchangamfu, mara nyingi ni maji mageni au chakula kipya. Beba dumu la maji ya nyumbani na chakula chake cha siku zote, usimbadilishie kitu wiki ya safari.

Ameruka, ametoroka, au amejining'iniza kwenye kamba

Mbwa aliyefungwa shingoni nyuma ya kirikuu ananitia hofu kuliko kitu kingine chochote barabarani. Akiruka, kamba ndefu inamfikisha nje ya gari bila kumfikisha chini. Kamba fupi ya shingoni nayo inamnyonga breki ikikamatwa ghafla. Nyuma ya gari la wazi mbwa akae ndani ya kizimba kilichofungwa imara kwenye bodi, chenye kivuli na hewa. Kwenye gari dogo kama IST, avae mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti cha nyuma. Asikae mbele wala mapajani kwa dereva. Bajaji iko wazi pande zote mbili, hivyo bila mtu wa pili wa kumshika na mkanda wa kifuani, usipande naye.

Mbwa wengi hupotea kwenye sekunde zile za kufungua mlango. Jizoeze: mkono unashika kamba kwanza, mlango baadaye. Namba yako ya simu iandikwe kwenye mkanda wa shingo kwa wino usiofutika au ichongwe kwenye kibati, na uwe na picha yake ya karibuni kwenye simu.

Akishapotea usimkimbize, atakwenda mbali zaidi. Chuchumaa, geuka ubavu, muite kwa sauti ya nyumbani. Ikishindikana, acha shati ulilovaa na bakuli la maji palepale alipotokomea, kisha nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, waoneshe picha. Madereva wa bodaboda huona kila kinachopita. Wape namba yako wote.

Dereva au abiria wamekataa

Wana haki. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na anayevaa kanzu yake safi kwenda kuswali hastahili kulazimishwa kukaa naye kwenye basi. Kuna pia wanaoogopa tu, au waliowahi kung'atwa. Chanzo cha ugomvi huwa ni kumshtukiza mtu mlangoni. Mpigie dereva jana yake, mwambie kuna mbwa na ukubwa wake, tandika turubai na shuka lako juu ya kiti, lipa usafi kama utadaiwa. Kwa safari ndefu, kukodi gari kwa kuchangiana na mwenye mzigo wa upande huohuo kumewafaa wengi. Usikubali mbwa awekwe kwenye buti la mizigo la basi. Humo mna joto na moshi, na hakuna anayemsikia.

Karatasi zimekukwamisha

Kadi ya chanjo isiyo na tarehe, stika ya dawa, sahihi na mhuri ni kipande cha karatasi tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na ile ya kwanza huhesabiwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 21. Aliyechanjwa juzi kwa ajili ya safari ya kesho bado hajakingwa. Kabla ya kutoka nje ya mkoa mwone afisa mifugo wa kata au wilaya yako aikague kadi na kukuelekeza kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Zanzibar ina mamlaka zake za mifugo, kwa hiyo kibali cha huko kiombwe huko kabla ya kufika bandarini. Kenya pia hutaka kibali cha kuingiza mnyama, na pa kukipatia si Namanga foleni ikiwa nyuma yako.

Safari ya ndege ya nje inahitaji miezi. Kwa Umoja wa Ulaya mpangilio ni huu, na hauruki hatua: mbwa awekwe kwanza chipu ya utambulisho yenye tarakimu 15, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo atolewe damu ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa, kinga ifike angalau 0.5 kwa kipimo chao, kisha isubiriwe miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu. Jumla ni kama miezi minne. Akichanjwa kabla ya chipu, chanjo hiyo haihesabiwi na unaanza upya. Marekani, tangu Agosti 2024, inataka mbwa awe na umri wa miezi 6 au zaidi na chipu, na imeiweka Tanzania kwenye nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, hivyo nyaraka za ziada zinadaiwa. Ukipata barua ya uhamisho leo, anza na chipu wiki hii.

Amemng'ata mtu

Mtu kwanza. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko, kisha aende kituo cha afya siku hiyo na kadi ya chanjo ya mbwa wako mkononi. Usikubali mbwa auawe papo hapo. Afungwe, aangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa akitoa virusi vya kichaa kwenye mate siku aliyong'ata. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina anayepona, kwa hiyo usimwambie mtu "huyu kachanjwa, usijali" ukaishia hapo.

Mmesharudi Dar, na sasa amepoa

Wiki moja hadi tatu baada ya safari ya kijijini, mbwa ana homa, fizi zimepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai: hayo ni mambo ya kupe, na babesia, vimelea vya damu wanavyoeneza kupe, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Akitoka damu puani au akawa na madoa mekundu tumboni, mwambie daktari apime pia erlikia, ugonjwa mwingine wa kupe. Dawa ya kupe anapaswa kuwa nayo mwilini kabla ya kuondoka. Kila jioni ya safari mpapase masikioni, kwenye shingo chini ya mkanda, makwapani na katikati ya vidole.

Mlipita Mikumi? Barabara kuu hukatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50, na mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi kwenye hifadhi za taifa, kwa hiyo vioo juu na hakuna kushuka. Sababu nyingine ni mbung'o, ambao huambukiza mbwa nagana. Homa inayokuja na kuondoka, uso kuvimba, na hasa jicho kuweka ukungu wa bluu, ni dalili zake, nayo humuua mbwa asipotibiwa mapema. Daktari wa Dar haoni mbwa wengi wenye nagana na anaweza kufikiria kupe kwanza. Mtajie njia mliyopita, tarehe na vituo vyote mlivyoshuka, na umwombe damu itazamwe kwenye hadubini siku hiyohiyo.